Uzi: Bustani kubwa za burudani na watoto msimu wa sikukuu. Tupeane mbinu kabla hamjakata tiketi

Baba Watatu (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Likizo zinakaribia na najua humu ndani kuna wazazi wameshakata tiketi, na wengine wanasumbuliwa na watoto usiku na mchana. Uzi huu ni wa wote wanaotaka kwenda kwenye zile bustani kubwa za burudani, zenye rolakosta, magwaride na fataki, katika siku chache za mwaka ambazo hata pa kukanyaga hapapatikani.

Wangu ni watatu: mkubwa miaka 9, wa kati 6, na wa mwisho bado analala mchana. Tumekwenda nao Krismasi, tumekwenda nao Pasaka. Msimamo wangu ni mmoja na nitautetea humu: siku ya msongamano hupangwa kwa kufuata mwili wa mtoto. Usingizi wake, miguu yake, tumbo lake. Orodha ya michezo inakuja baadaye. Mtoto akikosa mchezo mmoja atanung'unika dakika tano, basi. Mtoto aliyeburutwa juani mchana kutwa akiwa na usingizi, hata umpandishe kitu gani, anachotaka ni kubebwa tu.

Kabla ya yote, angalieni kalenda ya shule ya nchi mnayokwenda, siyo ya kwenu tu. Wengi hawalifikirii hili. Tokyo Disneyland hufurika wakati wa Golden Week, mfululizo wa sikukuu za Japani mwisho wa Aprili na mwanzo wa Mei, wakati kwingine duniani ni siku za kazi kama kawaida. Shanghai Disneyland hujaa wiki ya Sikukuu ya Taifa inayoanza Oktoba 1. Kwa Disneyland Paris, shule za Ufaransa zimegawanywa katika kanda A, B na C. Likizo za majira ya baridi na za majira ya kuchipua zinapishana kikanda, hivyo umati unasambaa kwa wiki kadhaa. Krismasi kanda zote zinafunga pamoja, na hapo ndipo utaona watu. Florida nako, kwenye bustani ya Disney iitwayo Magic Kingdom, wiki ya kati ya Krismasi na Mwaka Mpya ndiyo inayoogopwa kuliko zote.

La pili ni asubuhi. Saa mbili za mwanzo tangu milango ifunguliwe zina thamani kuliko mchana wote. Geti likifunguliwa saa tatu asubuhi, mimi nataka familia iwe imesimama pale si chini ya nusu saa kabla, watoto wamekula, wamekwenda chooni, viatu vimefungwa. Na jueni kwamba kufika maegesho siyo kufika getini. Pale Magic Kingdom sehemu kuu ya kuegesha magari iko ng'ambo ya maji. Ukishaegesha unapanda tena kivuko au ile treni ya reli moja ya juu, na huko nako kuna foleni. Wanaolala kwenye hoteli za Disney za Florida wanaruhusiwa kuingia dakika 30 kabla ya wengine. Kwa siku za sikukuu nusu saa hiyo ni mali. Kama mnachagua hoteli, iwekeni kwenye hesabu.

La tatu najua litabishaniwa: ikifika mchana, tokeni. Rudini mkalale, mrudi jioni. Hakikisheni tu kwamba tiketi zenu zinaruhusu kutoka na kuingia tena siku hiyohiyo.

Nawakaribisha. Wenye uzoefu watiririke.

Mama Mapacha

Mleta uzi, asante sana, umegusa penyewe. Wangu wana miaka 5 na nakubaliana nawe kwa asubuhi. Hapo kwenye kutoka mchana ndipo nasita. Hoteli yetu ilikuwa mwendo wa dakika 40 kwa gari. Ukijumlisha kutembea hadi getini, kuvuka hadi maegesho, barabara, kisha kurudi vilevile, unapoteza saa tatu na mtoto amelala moja tu, tena ndani ya gari. Sisi wa hoteli za mbali tufanyeje?

Baba Watatu

Dada, kwa umbali huo msitoke. Ninachosisitiza ni mapumziko ya kweli, kitanda si lazima. Chagueni maonyesho ya ndani yenye viti, giza kidogo na kiyoyozi, muyaweke kati ya saa saba na saa tisa mchana. Mwanangu wa mwisho amewahi kulala onyesho zima kichwa kikiwa mapajani mwa mama yake na hatukumwamsha, tulisubiri wa mwisho kutoka ndipo tukanyanyuka. Zile treni za kuzunguka bustani na boti za taratibu nazo zinafaa. Unakaa, kuna upepo, hakuna anayekusukuma.

Chakula msile saa ya watu wote. Mkila saa tano asubuhi na tena saa kumi jioni, mnakuta meza. Ukienda saa saba mchana unasimama na sinia mkononi na mtoto mwenye njaa, hakuna kiti.

Fundi Foleni

Habari zenu. Niliwahi kufanya kazi ya kupakia watu kwenye michezo, bustani yenyewe sitaitaja. Niongeze kitu ambacho wazazi wengi hawaambiwi: foleni ndefu kwa macho si lazima iwe ndefu kwa saa.

Hesabu yake ni rahisi. Chukua watu walio mbele yako, gawa kwa watu ambao mchezo unawabeba kwa saa. Watu 600 mbele ya mchezo unaobeba 600 kwa saa, utasubiri saa nzima. Watu haohao 600 mbele ya mchezo unaobeba 2,400 kwa saa, ni dakika 15. Kwa macho ni umati uleule.

Sasa ipi inabeba wengi? Ile ambayo haisimami. Boti kubwa zinazofuatana kwenye maji, au ile nyumba ya mizimu ya Disney, Haunted Mansion, ambako viti vimeunganishwa mnyororo mmoja na unapandia kwenye mkanda unaotembea mwendo uleule wa kiti. Zile zinameza watu. Foleni inaweza kuzunguka jengo na bado miguu yako haikai mahali pamoja.

Zinazobeba wachache ni bembea za kuzunguka za watoto wadogo. Tembo, ndege, vikombe. Lazima zisimame kabisa, wote washuke, wengine wapande, mtoto mmoja alie kwa sababu anataka tembo wa bluu, sisi tupite kukagua mkanda wa kila mmoja, ndipo ianze. Ikizunguka dakika moja na nusu, imesimama muda mrefu zaidi ya huo. Ndiyo maana mwaka 2012 Magic Kingdom iliongeza bembea ya pili ya tembo wao Dumbo kando ya ile ya kwanza, na sehemu ya ndani ya watoto kucheza wakisubiri. Walijua pale ndipo watoto wanapochokea.

Kwa hiyo geti likifunguliwa na watu wote wakakimbilia rolakosta kubwa, wewe mwenye watoto wa miaka 3 hadi 6 usiwafuate. Nenda moja kwa moja kwenye bembea ndogo. Asubuhi utapanda kadhaa mfululizo. Ukiziacha hadi saa sita mchana, kila moja itakula nusu saa na zaidi, na boti zilizokuwa zinakusubiri kivulini umezipanda asubuhi bure.

Mama Mapacha

Fundi, hii ni elimu. Nilikuwa sielewi kwa nini kibembea kidogo kina foleni kuliko lile jumba kubwa.

Mgeni Mpya

Wakuu naomba kuuliza. Hizi tiketi za kulipia ili upite njia ya haraka, zina maana kweli au ni kuongeza gharama tu? Tutakuwa wawili na watoto wawili, miaka 4 na 7. Mkubwa anataka Space Mountain, ile rolakosta ya gizani ya Disney, haambiliki.

Baba Watatu

Karibu sana. Disney walianza na FastPass mwaka 1999, ilikuwa haina malipo ya ziada. Ilisitishwa wakati wa janga la korona, na kuanzia 2021 bustani zao za Marekani zikaanza kuuza njia hiyo kwa jina la Lightning Lane. Paris na Tokyo wana Premier Access, Universal, kampuni nyingine ya bustani, wana Express. Majina tofauti, wazo moja.

Kwa familia yenye mtoto wa miaka 4, kabla hujalipa kaa chini uandike michezo ambayo wote wanne mnaruhusiwa kupanda, kisha uone mingapi ina foleni ya kutisha. Ikiwa ni miwili mitatu, hiyo mnaimaliza asubuhi bila kulipa. Anayefaidika zaidi na malipo hayo ni mwenye watoto wakubwa wanaopanda kila kitu, au mwenye siku moja tu na hawezi kufika mapema.

Space Mountain ya Magic Kingdom inahitaji mtoto awe na urefu wa sentimita 112. Wa miaka 7 wengi wanafika, lakini mpime.

Na kabla hujatoa pesa yoyote, ulizia utaratibu wa wazazi kupokezana. Bustani kubwa karibu zote wanao na hauna malipo. Mnakwenda wote mlangoni, mnamwambia mhudumu mna mtoto ambaye hapandi. Mmoja anapanda na mkubwa, mwingine anabaki na mdogo, kisha mnabadilishana bila huyu wa pili kuanza foleni upya. Mara nyingi mtoto mkubwa anaruhusiwa kupanda tena na mzazi wa pili, kwa hiyo anapata mara mbili. Mkubwa wangu anaupenda utaratibu huu kuliko zawadi yoyote.

Fundi Foleni

Nikazie hapo kwenye njia ya haraka. Mahali njia mbili zinapokutana, mhudumu ameelekezwa apitishe wengi wa njia ya haraka na wachache wa kawaida. Ndiyo maana unaona foleni yako imesimama kabisa ukiwa karibu kufika, na hasira inapanda. Mwambie mtoto mapema kwamba karibu na mlango ndipo panapokwenda polepole, asidhani mmeibiwa nafasi. Na tafadhali, kijana anayesimama pale hajatunga hiyo sheria. Nimetukanwa mbele ya watoto wa watu na sioni mtoto anajifunza nini.

Kuhusu urefu, ndugu zangu, msiweke karatasi ndani ya viatu vya mtoto ili afike kwenye alama. Nimewaona wanaofanya. Kipimo kile kinahusu kile chuma au mkanda unaomshika mtu kitini. Mtoto mfupi chuma hakimkazi pale panapotakiwa, na gari likikata kona mwili unatafuta pa kutokea. Akikataliwa, amekataliwa kwa usalama wake. Mpimeni nyumbani akiwa na viatu atakavyovaa siku hiyo, na kama hafiki aambiwe akiwa nyumbani. Kilio cha sebuleni kinatulia haraka kuliko kile cha mlangoni baada ya kusubiri saa nzima.

Mtaratibu

Mimi niseme tofauti, msinikasirikie. Kwa nini mtu ajitese? Bustani zipo mwaka mzima. Subiri wiki mbili baada ya sikukuu, shule zikishafunguliwa, nenda ukapande kila kitu kwa raha. Siku ni moja ileile, na unafanya mara mbili ya mambo. Kwenda Desemba 28 na watoto wadogo mimi naona ni kuwaonea.

Baba Watatu

Mtaratibu, hoja yako ni nzito na kwa mwenye watoto ambao hawajaanza shule naiunga mkono asilimia mia. Waende mapema Desemba kabla shule hazijafunga, mapambo yameshawekwa na watu bado wachache.

Ila fikiria wengine. Kuna mzazi ambaye kazini likizo inatolewa tarehe hizo tu. Kuna mwalimu. Kuna familia zilizotengana nchi mbalimbali na wiki hiyo ndiyo pekee wanayokutana wote, babu, shangazi, binamu. Huyo ukimwambia asubiri Januari umemwambia asiende. Nataka aende, na arudi na watoto wanaocheka.

Hata ndani ya wiki hiyo siku hazilingani. Asubuhi ya Januari 1 waliokesha wakingoja fataki bado wamelala, na mwenye watoto wanaoamka alfajiri anaitumia vizuri.

Mtaratibu

Hapo kwenye mwalimu umenishika. Nimeelewa.

Bibi wa Wajukuu

Wanangu hamjambo. Nasoma uzi wenu na miwani yangu, nami nina la kuchangia.

Mimi nakwenda na wajukuu na magoti yangu yana umri. Msitufanye mizigo, tupeni kazi. Ninachofanya mimi: saa nzima kabla ya gwaride natafuta mahali penye kivuli na ukingo wa kukalia, nakaa na mjukuu mdogo aliyelala, wazazi wanakwenda kupanda mambo yao ya kupiga kelele na wakubwa. Wakirudi, wana nafasi ya mbele. Kila mtu amefurahi na mimi nimepumzika. Mwenye magoti mabaya zaidi asione haya kukodi kiti cha magurudumu pale getini, siku nzima ni mwendo mrefu mno.

Sasa nisikilizeni kwa makini hili. Naona kina mama wanafunika kigari cha mtoto kwa kanga au blanketi ili jua lisimpige, mtoto alale. Msifanye hivyo wanangu. Hewa haipiti, ndani panakuwa tanuri, na mtoto halii, anazidi kulala tu, nanyi mnasema amependa. Nimefunua kimoja kwa mkono wangu, mama yake akiwa amesimama pembeni. Mtoto mashavu mekundu, nywele zimelowa jasho zimeshika kichwani, na mpini wa ndani ukiugusa unaunguza. Wekeni kivuli cha kigari chenyewe, au neti nyepesi inayopitisha hewa, halafu kigari kisogezwe kivulini. Na kila mara pitisheni mkono shingoni kwa mtoto.

Mjukuu wangu mmoja alipenda kale katreni kadogo, akataka apande tena na tena. Baba yake anasema twende, kuna vingine vikubwa. Nikamwambia mwache, siku ni ya nani hii?

Mama Mapacha

Bibi, shikamoo. Hilo la kigari nalipeleka kwenye kundi letu la kina mama leo hii.

Niongezee kuhusu maji. Disneyland ya kwanza kabisa, California, ilipofunguliwa Julai 17, 1955 watu waliingia wengi kupita kiasi kwa tiketi bandia, joto likawa kali hadi lami mpya ikalainika visigino vya kina mama vikazama, na mabomba ya maji ya kunywa hayakutosha. Tangu siku ile hadi leo, watu wengi pamoja na jua maana yake ni maji kwanza. Kwenye bustani za Disney za Marekani ukienda kaunta za vyakula vya haraka wanakupa glasi ya maji ya barafu bila malipo, omba tu. Mimi siwasubiri wangu waseme wana kiu. Kila tukijiunga na foleni mpya, kila mmoja anapiga mafunda kadhaa.

Vigari navyo vina masharti. Tangu Mei 2019 bustani za Disney za Marekani hazipokei kigari kinachozidi upana wa sentimita 79 au urefu wa 132 kutoka mbele hadi nyuma, na vile vitoroli vya kuvuta vimekatazwa kabisa. Sisi wa mapacha tunaotumia vya watoto wawili ubavu kwa ubavu tupime kabla ya safari. Funga kitambaa cha rangi kali kwenye mpini. Ukitoka kwenye mchezo utakuta vigari mia vimepangwa, na wahudumu huwa wanavihamisha.

Sasa la kupotea. Hakuna aliyeligusa na kwangu ndilo kubwa kuliko foleni zote.

Gwaride liliisha. Kama mmewahi kuwa pale mnajua, watu waliokuwa wamesimama pembeni wote wanamwagika barabarani kwa mara moja, kila mmoja na upande wake. Nilikuwa nimeshika mkono wa huku na wa huku. Mtu mwenye kigari akapita katikati yetu, mkono mmoja ukachomoka, nikageuka hayupo. Umati una urefu wa watu wazima, mtoto wa miaka 5 anakuwa chini ya viuno vya watu, humwoni.

Alipatikana baada ya dakika chache, na nawaeleza kilichomwokoa. Kila asubuhi kabla ya kutoka chumbani tunafanya zoezi. Moja, nawapiga picha wamesimama, nguo na viatu vyote vionekane, kwa hiyo sikuhitaji kukumbuka fulana ilikuwa ya rangi gani huku natetemeka. Nilimwonyesha mhudumu simu, akaisoma picha kwenye redio neno kwa neno. Mbili, wana bangili ya karatasi ngumu mkononi, namba ya simu imeandikwa upande wa ndani, wapita njia wasiione. Tatu, wanajua jina langu kamili na wamefundishwa kuliita. Ukiita "mama" katikati ya umati wanageuka kina mama mia, na kila mmoja anaona siye anayeitwa. Nne, tukiingia tu getini nawapeleka kwa mhudumu wa kwanza, wanamsalimia, wanagusa kile kibati cha jina kifuani. Nawaambia: ukiwa hunioni, tafuta mtu mwenye kibati kama hiki, simama naye, usiende popote.

Mwanangu alikuwa amesimama na muuza maputo, ameshika kona ya aproni yake, anataja jina langu kama alivyofundishwa. Nilikaa chini palepale barabarani.

Fundi Foleni

Mama Mapacha, pole sana, na hongera kwa kuwaandaa. Kwa upande wa wahudumu nithibitishe: mtoto aliyepotea anapewa kipaumbele kuliko jambo lolote tunalofanya wakati huo. Mzazi akimkosa mtoto asianze kukimbia mwenyewe bustani nzima. Amwambie mhudumu aliye karibu dakika hiyohiyo, mmoja abaki palepale alipopotelea, kwa kuwa watoto wengi hawafiki mbali.

Watu wazima nao wakubaliane mahali pa kukutana, kwa sababu umati ukizidi simu zinaweza kugoma. Msiseme "kwenye kasri". Watu wote duniani wamekubaliana kukutana kwenye kasri. Semeni mlango fulani wa choo fulani, upande wa kushoto.

Mzazi wa Mtulivu

Naandika mara chache lakini uzi huu umenigusa. Mwanangu ana usonji, ana miaka 8. Kwake kelele ya ghafla ni maumivu hasa. Ndugu walituambia tusithubutu kwenda msimu wa sikukuu. Tulikwenda, na alifurahi, na nataka wazazi wenzangu walijue hilo.

Wiki kadhaa kabla tulikuwa tunaangalia video za kila mchezo tunaotaka, tangu foleni hadi kushuka. Akijua wapi kuna giza na wapi kuna mlio, anajiandaa, na mwenyewe ananiambia huu sitaki. Vifuniko vya masikio havitoki shingoni mwake. Siku ya kwanza hatukupanda kitu chochote hadi tulipopata pembe yetu ya utulivu. Bustani za Disney zina vituo vya huduma ya kwanza na vya kuhudumia watoto wachanga, na wahudumu pale walitupokea vizuri.

Bustani zao za Marekani zina utaratibu uitwao DAS kwa wasioweza kuvumilia foleni ya kawaida kwa sababu kama usonji. Unapewa muda wa kurudi, unasubiri mahali pengine patulivu. Maombi yanafanywa kwa mazungumzo ya video, na yanaweza kufanyika kabla ya safari, kwa hiyo msisubiri mfike. Bustani za kampuni nyingine zina taratibu zao, ulizeni kwa barua pepe mapema.

Fataki sisi tunaziona kwa mbali. Umbali ukiongezeka mlio unapungua lakini rangi zote zipo. Aliziangalia zote bila kuziba macho.

Baba Watatu

Mzazi wa Mtulivu, asante kwa kuandika. Hili la video naona linafaa kila mtoto. Wa kati wangu ni mwoga wa giza na nitaanza naye wiki hii.

Mgeni Mpya

Wakuu nimesoma mwanzo mwisho, nimeandika daftari zima. Naombeni mnikosoe mpango wangu. Tunafika getini saa mbili na nusu, geti linafunguliwa saa tatu. Kwanza Space Mountain kwa ajili ya mkubwa, tunapokezana. Kisha bembea za mdogo. Chakula saa tano na nusu. Mchana onyesho la ndani, hoteli ni mbali. Saa tisa gwaride. Jioni tunazunguka, tunasubiri fataki katikati kabisa, kisha tunaondoka na wengine. Mvua ikinyesha tunarudi hotelini.

Baba Watatu

Mpango mzuri. Nabadilisha manne tu.

Wazazi mko wawili, gaweni asubuhi. Mmoja na mkubwa Space Mountain, mwingine na mdogo kwenye bembea moja kwa moja, kama Fundi alivyoeleza. Kupokezana mfanye baadaye. Saa ya kwanza ni ghali mno kwa mtu mzima kusimama mlangoni na mtoto wa miaka 4.

Gwaride linapopita, watu wamejipanga njiani na foleni nyingi zinapungua kidogo. Kama watoto wameshaliona siku nyingine, au hawalijali, huo ni wakati wa kupanda.

Mvua msiikimbie. Kama mnakwenda Florida miezi ya joto, mvua ya radi ya alasiri ni jambo la kawaida. Michezo ya nje inasimamishwa kwa ajili ya radi, wengi wanakata tamaa wanaondoka, na mara nyingi inapita ndani ya saa moja. Bebeni makoti mepesi ya mvua na soksi za akiba kwa kila mtoto. Soksi zilizolowa zinatoa malengelenge, na mtoto mwenye malengelenge ya kisigino siku imeisha.

Fataki msikae katikati. Zikiisha watu wote wanaelekea lango moja, halafu kivuko au treni ileile, na wewe una mtoto wa miaka 4 aliyelala begani. Simameni upande wa karibu na lango, mtaona vizuri vya kutosha, na mlio wa mwisho ukilia mko tayari mnatembea. Au mfanye kinyume chake: kaeni nusu saa hadi saa nzima ndani, watoto wapewe kitu cha kula, umati utangulie. Kibaya ni kuondoka na wengine.

Mgeni Mpya

Nimekusoma mkuu. Mdogo tutamlazaje jioni hiyo kama hakulala mchana?

Bibi wa Wajukuu

Huyo wa miaka 4 mkodie kigari hata kama nyumbani ameshaacha. Saa moja jioni mvalishe nguo za kulalia humohumo, mbadilishe nepi kama bado anavaa usiku, mpanguse uso na miguu kwa kitambaa cha maji. Akilala, amelala moja kwa moja hadi kitandani, hakuna wa kumwamsha kumvua viatu.